Simu iliyorudisha saa nyuma: kisa cha mjomba wa bonde la Ruvuma

Mwezi wa saba mwaka 2025 mjomba wangu alichelewa saa nzima kwenye kikao cha bodi ya chama chake cha msingi cha korosho. Anayemjua mjomba ataelewa uzito wa jambo hilo. Ni mtu wa kufika kabla ya mwenye funguo, akakaa kwenye benchi chini ya mkorosho, akatoa daftari lake, akasubiri. Siku ile walikuwa wanajadili mgawo wa salfa, na alipoingia wenzake walikuwa wameshafika ajenda ya tatu. Kikao kilipokwisha alitembea mpaka panaposhika mtandao, akanipigia.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mpwa, hii simu mliyonipa ina jambo. Inanirudishia saa nyuma. Nimeondoka nyumbani saa moja na nusu, mwendo wa nusu saa, nimefika naambiwa ni saa tatu."

Mimi ni fundi simu. Nina meza yangu jirani na Soko Kuu hapa Mtwara mjini, na pamoja na kubadilisha vioo na mifumo ya chaji, watu huniuliza kila siku ninunue simu gani, niweke laini gani. Nakiandika kisa hiki kirefu kwa sababu kilinibadilisha namna ya kulijibu swali hilo. Zamani nilianza na simu. Siku hizi nauliza kwanza: unalala wapi, na mchana unashinda wapi?

Mjomba anaishi kijiji kimoja chini ya ukingo wa uwanda wa Makonde, upande wa Newala. Aliyewahi kusimama pale Newala mahali wanapopaita Shimo la Mungu anaipata picha: ardhi inakatika ghafla, chini kuna bonde pana, mbele zaidi ni mto Ruvuma, na ng'ambo ya mto ni Msumbiji. Nyumba ya mjomba ipo huko chini. Mikorosho yake ipo mtelemkoni, na shamba la mpunga lipo karibu na mto. Chama chake, benki na ofisi zote anazozihitaji viko juu.

Kwa miaka kadhaa alitumia kitochi chenye WhatsApp, vile vinavyoendeshwa na mfumo uitwao KaiOS. Kilimtosha kabisa: bei za minada ya korosho zilimfikia kwenye kundi la wanachama, na picha za wajukuu vilevile. WhatsApp ilitangaza kuachana na KaiOS, ikaacha kupakuliwa Juni 2024, na ilipofika mwanzoni mwa 2025 ikakoma hata kwa waliokuwa nayo. Mjomba akabaki na kitochi cha kupiga, kupokea na kumulikia. Watoto wake walioko Dar es Salaam wakachanga, wakamnunulia simu ya mtumba, nzuri kwa kuitazama, kamera kali, wakaituma kwa basi. Nikawawekea mimi kava na kioo cha kuzuia mikwaruzo ilipopita mikononi mwangu Mtwara. Sikuikagua zaidi ya hapo, na hilo lilikuwa kosa langu.

Ndani ya miezi miwili malalamiko yalikuwa manne. Saa kurudi nyuma, si kila siku, ila siku nyingine. Salio kuyeyuka bila kupiga simu. Betri kuisha adhuhuri, na simu kuwa ya moto mfukoni. Na ujumbe wa sauti kukaa saa nzima ukizunguka bila kwenda. Ushauri aliopewa kijijini ulikuwa mmoja: simu ya mtumba haifai, nunua mpya. Alikuwa na shilingi 400,000 alizozitunza tangu malipo ya korosho, akaniambia nimnunulie yoyote nitakayoona inafaa, nipakie kwenye gari la Newala. Nilimwomba asubiri nifike.

Kilichonifanya nisinunue ni ile saa. Betri mbovu, salio kuyeyuka, mtandao mzito, hayo yana sababu mia. Lakini saa kurudi nyuma kwa saa moja kamili, si dakika ishirini, si saa tatu, ina maana moja tu kwa mtu anayeishi kando ya Ruvuma. Tanzania iko saa tatu mbele ya majira ya kimataifa, Msumbiji iko saa mbili. Simu janja ikiwekwa ijipangie saa yenyewe, huchukua saa ya mtandao iliyoingia. Kumbe simu ya mjomba ilikuwa inavuka mpaka bila yeye kuvuka.

Na ikivuka, lile la salio linajieleza. Ukiwa kwenye mtandao wa ng'ambo, hata simu unayopokea inaweza kukukata salio, na data ikiruhusiwa kutembea nje ya nchi hukausha haraka zaidi. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba simu ikishaingia mtandao wa nchi nyingine haina haraka ya kurudi. Inaweza kukaa humo mpaka mawimbi yale yakatike, ingawa mtandao wa nyumbani umesharudi. Mjomba akishuka mpungani jioni, akalala kibandani kulinda ndege, akarudi nyumbani alfajiri, simu inarudi naye ikiwa bado inafuata saa ya Msumbiji.

Nilikwenda mwezi wa nane, kwa njia ya Nanyamba na Tandahimba, nikiwa na simu mbili za kupimia na laini tatu za kampuni tofauti. Sitazitaja kampuni. Matokeo ya kijiji kimoja hayaitendei haki kampuni yoyote, na msomaji wa Kilwa au Nachingwea akiyabeba majina atabeba jibu la mahali pasipo pake. Nitaziita laini ya kwanza, ile aliyokuwa nayo mjomba tangu zamani, kisha ya pili na ya tatu.

Ile siku ya kwanza niliomba tu tutembee. Tulianzia chumbani anakolala, tukaenda barazani, jikoni, kwenye mikorosho, dukani kwa wakala, kwenye kichuguu ambacho kijiji kizima hupanda kupiga simu, halafu tukashuka mpaka mpungani. Kila mahali nilifungua mipangilio, nikaingia kuhusu simu, kisha hali ya laini, pale panapoandikwa nguvu ya mawimbi. Watu huhesabu vijiti, lakini kila mtengenezaji ana kipimo chake cha vijiti. Namba hii ina adabu zaidi. Huandikwa na alama ya kutoa mbele yake, na kadiri inavyosogea karibu na sifuri ndivyo mawimbi yanavyokuwa na nguvu. Kwa 4G, kutoa 85 ni raha, kutoa 100 panafanyika kazi, kutoa 115 unaanza kuomba. Na tofauti ya kumi si ndogo kama inavyoonekana, ni nguvu mara kumi. Tofauti ya ishirini ni mara mia.

Chumbani kwa mjomba, chini ya bati, laini ya kwanza ilisoma kutoa 121. Tulipotoka barazani ikapanda kidogo, 114. Bati hurudisha mawimbi kama linavyorudisha jua, na nyumba yake ina madirisha madogo mawili yaliyotazama upande mmoja. Laini ya tatu ilifanana na hiyo. Laini ya pili, chumbani humohumo, ilisoma kutoa 98.

Mjomba hakuamini. "Laini ya kwanza ndiyo kubwa," alisema. "Newala yote wanatumia hiyo." Na alikuwa sahihi, Newala mjini laini ile inasoma vizuri kuliko zote. Nilimpeleka kwenye kichuguu nikamwonyesha kwa mkono. Mnara wa laini ya kwanza uko juu, nyuma ya ukingo. Mawimbi ya simu hupenda kwenda moja kwa moja kama mwanga wa tochi, na ule ukuta wa mlima unaweka kivuli juu ya kijiji chote. Mnara wa ng'ambo ya Ruvuma hauna kizuizi, bonde lote liko wazi mbele yake. Kwa hiyo kijiji kipo kilomita chache kutoka mnara wa Tanzania kikiwa kivulini, na mbali zaidi na mnara wa Msumbiji kikiwa juani. Mnara wa laini ya pili umejengwa bondeni humohumo, ule wa uzio mwekundu mjomba anaoupita kila akienda dukani. Alikuwa anaupita kila siku akiwa na laini ya kampuni nyingine mfukoni.

Hili la mnara wa bondeni si la kijiji kile peke yake. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote hutoa ruzuku ili kampuni zijenge minara mahali ambapo biashara peke yake isingewapeleka, na Mei 2023 zilisainiwa kazi za kujenga minara 758 nchini. Katika utaratibu huo kata hupewa kampuni moja ya kuijengea. Matokeo yake, kampuni inayotamba mjini inaweza kuwa hoi kwenye kata fulani, na kampuni isiyosikika mjini ikawa ndiyo yenye mnara nyuma ya shule. Ndiyo maana kumuuliza muuza simu wa Mtwara mjini laini ipi nzuri ni kumuuliza mtu wa pwani hali ya hewa ya juu mlimani.

Siku ya pili nilipima nyakati. Vijiti kamili na intaneti iliyolala ni mambo yanayokutana kila jioni, kwa sababu watu wote wamerudi mashambani na wanagawana mnara mmoja. Kila baada ya saa chache nilituma ujumbe uleule wa sauti wa dakika moja na picha ileile kwa kila laini, nikaandika zimechukua muda gani. Laini ya pili ilikwenda vizuri asubuhi na mchana, saa mbili usiku ikawa nzito, lakini ilifika. Kutoka barazani laini ya kwanza ilituma mara mbili kati ya sita.

Usiku huo umeme ukakatika, na kwangu ilikuwa bahati. Nilitaka kujua mnara unadumu muda gani ukiwa na betri zake peke yake, jambo ambalo hakuna tangazo litakalokuambia. Tulikaa nje, mjomba na mimi, na chai ya rangi. Saa nne bado laini ya pili ilikuwa hewani. Saa sita niliamka kuangalia, ipo. Laini ya tatu ilipotea kabla ya saa tano na haikurudi hadi umeme uliporudi asubuhi. Kwa mtu ambaye usiku akiugua mtoto lazima apige simu kuomba bodaboda, jaribio hilo moja lilipima kuliko bei zote za vifurushi. Bei za vifurushi zenyewe sikuzipa nafasi kubwa, kwa kweli. Hubadilika, kila kampuni ina za siri na za ofa, na bando la bei nafuu lisiloweza kutuma picha kutoka nyumbani ni hela iliyotupwa.

Baada ya hapo ndipo nikaigeukia simu yenyewe. Niliiweka laini ya pili kwenye ile simu ya mtumba, nikitegemea ingechangamka. Haikuchangamka. Chumbani ilikataa 4G kabisa ikaanguka kwenye 2G, wakati simu yangu ya kupimia, kwenye laini ileile na kitanda kilekile, ilikuwa inavuta 4G bila shida. Nikatafuta namba ya modeli nyuma ya simu, nikaangalia orodha ya masafa yake, yaani njia za redio inazoweza kuzishika. Ilikuwa imetengenezwa kwa soko la nchi nyingine. Haikuwa na masafa ya 700 wala ya 800 kwenye 4G.

Kwa kifupi: 4G hutembea kwenye masafa mbalimbali. Ya juu, kama 1800 na 2600, hubeba mzigo mkubwa lakini huchoka mapema na hushindwa kuta. Ya chini, 700, 800 na 900, hubeba kidogo zaidi lakini hufika mbali na kuingia ndani ya nyumba. Mjini minara imesongamana, simu isiyo na masafa ya chini haionyeshi ugonjwa wake. Simu ile ilipimwa Kariakoo ikafanya kazi vizuri kabisa, ikafanya kazi mezani kwangu Mtwara, ikafa bondeni. Na simu inayotafuta mtandao usiku kucha huongeza nguvu ya kurusha, hupata moto na kumaliza betri. Lile lalamiko la tatu likawa limejibiwa hapo.

Kwa hiyo mjomba alihitaji laini mpya na simu mpya, ila laini kwanza, na simu ichaguliwe ili iifuate laini.

Hapo tukabishana juu ya namba. Binti yake alishauri kwa simu kwamba baba ahame mtandao abaki na namba yake. Huduma hiyo ipo tangu 1 Machi 2017: unakwenda kwa wakala wa kampuni unayohamia, namba inabaki ileile. Kwa watu wengi ningesema ndiyo papo hapo. Namba ya mjomba ipo benki, ipo kwenye daftari la wakulima la pembejeo, ipo kwenye kumbukumbu za chama, na kila malipo ya korosho yakiingia ujumbe unakwenda kwenye namba hiyo. Kuipoteza ni balaa.

Lakini namba ikihama, akaunti ya pesa ya mtandao wa zamani haihami nayo. Salio na bando havihami. Mjomba ana kikundi cha kuweka na kukopa kinachokusanya kupitia mtandao wa laini ya kwanza, na alikuwa na mkopo mdogo wa simu ambao hajaumaliza. Wakala pekee mwenye fedha taslimu za kutosha kijijini ni wa laini ya kwanza. Na akipanda Newala kwenye vikao, laini hiyo ndiyo inayoshika. Nikapendekeza laini mbili: ya kwanza ibaki na namba ya zamani kwa benki, chama na pesa, ya pili iwe ya kupigia na ya intaneti nyumbani. WhatsApp ibaki kwenye namba ya zamani, maana WhatsApp haijali intaneti inatoka laini gani. Mjomba aliuliza swali moja zuri: ujumbe wa benki utafikaje nyumbani kama laini ya kwanza haisomi? Jibu ni kwamba ujumbe mfupi unahitaji mawimbi kidogo mno kuliko intaneti, na ukikosa njia husubiri. Barazani ulifika. Chumbani ulichelewa, lakini ulifika.

Kusajili laini ya pili kulituchukua asubuhi nzima kwa sababu ya vidole. Usajili wa alama za vidole ulianza mwaka 2019, unaweka kidole, mfumo unalinganisha na kumbukumbu za NIDA. Mjomba na mkewe wamebangua korosho kwa miaka mingi, na mafuta ya ganda la korosho huunguza ngozi. Kidole cha shahada cha mjomba ni laini kama kioo, hakina mistari. Mashine ilikataa mara tano. Wakala, kijana mwenye nia njema, akasema tusajili kwa kitambulisho cha jirani yake, mambo yaishe. Nilikataa, na ningemsihi yeyote akatae. Laini iliyo kwenye jina la mtu mwingine ni mali ya mtu mwingine. Siku ikipotea huwezi kuirudishia, na fedha zilizomo unaziangalia kwa mbali. Tuliomba maji ya uvuguvugu, mjomba akaloweka mikono, akapaka mafuta kidogo, akafuta. Tukajaribu kidole kimoja kimoja. Kidole cha pete cha mkono wa kushoto kikakubali. Nikapiga *106# tukaziona laini zake zote zilizo chini ya namba yake ya NIDA, mbili tu, hakuna ngeni.

Simu tuliinunua Mtwara mjini wiki iliyofuata. Masharti aliyaweka mjomba, mimi niliyatafsiri tu. Laini mbili kwa wakati mmoja. Betri ya kuvuka siku mbili za umeme wa kubahatisha. Redio, kwa sababu taarifa ya habari ya TBC Taifa hajaikosa tangu niko mtoto. Tochi. Sauti kubwa. Mimi niliongeza masafa ya chini.

Mezani zilifika tatu. Ya kwanza ilikuwa Pixel 4a ya mtumba, kamera ya kupendeza kwa bei ile. Ina tundu moja la laini, ya pili lazima iwe eSIM, laini isiyo na kadi, na siku ikiharibika mjomba hatakuwa na wakala wa kumsaidia bondeni. Betri yake ilizaliwa na uwezo wa mAh 3,140, na Januari 2025 Google ilitoa apdeti iliyopunguza uwezo wa kuchaji kwa baadhi ya betri za modeli hiyo. Tuliirudisha. Ya pili ilikuwa Samsung Galaxy A16. Hii niliipigania kidogo, kwa sababu Samsung imeahidi kuipa apdeti kwa miaka sita, na simu yenye taarifa za benki ikikosa apdeti za usalama inakuwa mlango usio na komeo. Lakini haina tundu la spika za masikioni, na waya wa spika ndio antena ya redio. Sehemu ya laini ya pili pia ndiyo sehemu ya kadi ya kumbukumbu, uchague moja. Na bei ilivuka fungu lake.

Tuliondoka na Tecno ya familia ya Spark kwa shilingi 335,000. Betri ya 5,000, laini mbili na kadi ya kumbukumbu kila moja na nafasi yake, tundu la spika, redio, na masafa ya 700 na 800 yote yameorodheshwa. Nilichopoteza nakijua: apdeti zake ni chache, na baada ya miaka michache nitamshauri mjomba aibadilishe hata kama inawaka. Nilimwambia hivyo kabla hajalipa.

Kuhusu kumbukumbu ya kufanyia kazi (RAM), kasha liliandikwa GB 8 kwa maandishi makubwa, na chini yake kwa maandishi ya chungu, 4+4. Nne za pili ni za kuazima kutoka kwenye hifadhi ya simu na ni za polepole. Ukinunua, hesabu ile nne ya kwanza tu. Nikapiga *#06#, namba ya utambulisho wa simu (IMEI) iliyotokea nikailinganisha na ya kwenye kasha, nikaituma kwenda 15090 kuihakiki, ikajibu jina la simu ileile. Simu bandia zilizimwa nchini Juni 2016, lakini dukani makasha ya kweli yenye simu zisizo zake hayajaisha. Chenji ilinunua pawa benki.

Mpangilio wa mwisho niliufanya nikiwa barazani kwake, si dukani. Laini zote mbili nilizitoa kwenye kujichagulia mtandao, nikachagua jina la kampuni kwa mkono. Data ya nje ya nchi nikaifunga. Intaneti ikapewa laini ya pili. Saa nikaiondoa kwenye kufuata mtandao nikaifungia majira ya Dar es Salaam. WhatsApp nikaizuia isipakue video za makundi yenyewe. Nikamwonyesha mjomba herufi R ndogo ambayo hutokea pembeni mwa vijiti simu ikiwa ugenini, akaichora kwenye daftari lake.

Mwezi wa kumi minada ya msimu ilipoanza, siku hizi ikiendeshwa kwa mfumo wa Soko la Bidhaa Tanzania, bei ilimfikia akiwa barazani kwake kabla sijaisikia mimi mjini, akanitumia kwa ujumbe wa sauti, jogoo wakiwika nyuma yake. Simu inafika kesho yake mchana kabla ya kuomba chaji.

Mpungani hapajapona. Hakuna laini ya Tanzania inayofika pale mtoni kati ya zile tatu nilizopima, na kwa kuwa nimefunga mtandao wa ng'ambo, akiwa kule simu yake haipatikani kabisa. Tulipatana kwamba siku za kulala shambani atamwambia mkewe saa ya kushuka na saa ya kupanda, na njiani kuna mwembe, nusu ya mtelemko, ambapo laini ya pili inasoma kutoa 109. Hapo husimama kila jioni saa kumi na mbili kwa dakika kumi, na sisi wote wa Dar na Mtwara tunajua ndio wakati wa kumpigia.